Kuchagua Chaja ya Kutunza Betri ya Pikipiki ya Kikundi



 Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, chaja ya betri ya pikipiki. Pengine mtasema, "Ah, hiyo ni kazi ya fundi, si yetu." Na sisi tulisema hivyo hivyo, mpaka yakatupata.

Kikundi chetu kina pikipiki moja. Tuliinunua kwa michango ya kila mwezi ili itusaidie kupeleka maembe na korosho kwa wanunuzi, na usiku imfikishe mgonjwa zahanati au hospitali ya Malindi. Masika moja mvua ilinyesha bila kupumzika. Njia zikawa tope, na pikipiki ikakaa bandani wiki sita bila kuguswa. Wiki ya saba, usiku wa manane, mke wa jirani akashikwa na uchungu. Dereva wetu akabonyeza starta. Ikalia tik, kisha kimya. Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Injini ikawaka mwishowe, lakini taa ilikuwa hafifu kama kibatari.

"Mama, taa haionyeshi njia," akamwambia mkwe wa yule mjamzito.

"Twende hivyo hivyo, mwanangu. Mimi nitashika tochi."

Wakaenda pole pole, mama mzee nyuma kabisa amenyoosha mkono na tochi ya simu. Mtoto alizaliwa salama, tunashukuru. Lakini wote tulijua kwamba mambo yangeweza kuwa mengine.

Asubuhi yake tukafanya kosa la pili. Tuliipeleka betri kwa mtu anayechaji betri za magari. Akaifunga kwenye chaja yake kubwa, usiku kucha. Tulipoifuata ilikuwa imevimba ubavuni, maji yamekauka, imekufa kabisa. Yeye hakuwa na nia mbaya, na sisi hatukuuliza. Kumbe betri ya pikipiki haitaki chaja yenye nguvu. Inataka chaja ndogo inayojua kuacha. Hilo ndilo neno kubwa la makala hii. Yaliyobaki ni kueleza kwa nini, na jinsi ya kuipata chaja ya namna hiyo.

BETRI HUFA VIPI?

Ndani ya betri ya kawaida kuna vyumba sita. Kila chumba kina sahani za madini ya risasi zilizolowa tindikali, na hutoa kama volti 2. Sita kwa pamoja ndiyo volti 12. Betri inapotumika, zile sahani hushika ukoga mweupe. Ukiichaji mapema, ukoga huo huyeyuka na kurudi ndani ya maji. Ukiiacha wiki nyingi bila chaji, ukoga hugeuka mgumu.

Kila anayesonga ugali analijua jambo hili. Sufuria ukiilowesha mara baada ya kupakua, ukoko hutoka wenyewe. Ukiiacha siku tatu utakwangua mpaka uchoke, na mwengine hautatoka kamwe.

Betri pia hupoteza nguvu hata ikikaa bure, na joto huongeza kasi hiyo. Kwa kadirio, joto likipanda kwa nyuzi 10, betri hupoteza chaji yake karibu mara mbili haraka zaidi. Kwa hiyo pikipiki iliyofungiwa kwenye banda la mabati mwezi wa Februari inaumia kuliko iliyo kivulini chini ya mwembe.

Hicho ni kifo cha njaa. Kipo pia kifo cha shibe. Betri iliyojaa ukiendelea kuilazimisha chaji, maji yake hutokota na kutoka kama hewa. Ni kama maharage yaliyokwisha kuiva halafu moto hauondolewi: kwanza mchuzi unakauka, kisha sufuria inaungua. Betri yetu ilikufa kwa njia zote mbili, njaa kwanza, shibe baadaye.

KWANZA PIMENI: JE, MNAHITAJI CHAJA?

Msikimbilie dukani. Bodaboda inayofanya kazi kila siku, na injini yake inachaji vizuri, haihitaji chaja. Chaja ni ya pikipiki inayokaa: ya kikundi, ya mhudumu wa afya wa kijiji, ya mwalimu aliye likizo, au ya yeyote ambaye njia yake hukatika wakati wa mvua.

Tafuteni mita ya kupimia umeme. Fundi wa redio au wa sola anayo, na kikundi kinaweza kununua moja ndogo kwa bei nafuu. Izimeni pikipiki, iacheni ipumzike saa kadhaa, kisha pimeni kwenye vichwa vya betri. Kwa betri ya risasi ya volti 12 mtaona hivi:

– Volti 12.6 hadi 12.8: imejaa.
– Volti 12.4: imebaki kama robo tatu. Ni wakati wa kuchaji.
– Volti 12.2: imebaki nusu.
– Volti 12.0: imebaki robo.
– Chini ya 11.9: imekwisha. Ichajini leo hii, si kesho.

Sasa washeni injini, ongezeni moto kiasi, mpime tena. Mita inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, pikipiki haiichaji betri yake. Ikipita 15, inaipika. Katika hali zote mbili chaja ya dukani si dawa. Mpeleke pikipiki kwa fundi kwanza, la sivyo mtanunua betri juu ya betri.

Angalieni pia vitu vilivyoongezwa. Vijana wetu wanapenda redio, taa za urembo, king'ora cha wezi na cha kuchajia simu. Kimoja kikiunganishwa moja kwa moja na betri, kinanyonya usiku na mchana. Pikipiki ikikaa zaidi ya wiki mbili, ondoeni waya wa hasi. Hiyo ni dawa isiyo na gharama.

SOMENI BETRI YENU

Kabla ya kwenda Malindi kununua chaja, andikeni mambo matatu kutoka ubavuni mwa betri.

La kwanza ni volti. Nyingi ni 12, ila pikipiki chache za zamani zilikuwa na volti 6.

La pili ni ukubwa wake, unaoandikwa kwa herufi Ah, yaani ampea kwa saa. Betri nyingi za pikipiki ndogo ziko kati ya 2.5 na 9. Linganisheni na ya gari, ambayo mara nyingi ni 40 au zaidi. Hapo mtaelewa kwa nini chaja ya gari iliiua yetu.

La tatu ni aina. Betri ya maji ina vifuniko sita vidogo na mistari miwili ya kuonyesha kiasi cha maji. Betri iliyozibwa, ambayo wengi huiita betri kavu, haifunguliwi. Siku hizi zipo pia za lithiamu, nyepesi sana, na hizo zinataka chaja yake maalum. (Pikipiki zinazotembea kwa umeme hatuzizungumzii hapa. Hizo huja na chaja zake.)

Kanuni ya kukumbuka ni moja: gawanyeni Ah kwa 10. Jibu ndilo ampea zinazofaa. Betri ya Ah 5 inataka nusu ampea, na ya Ah 9 inataka ampea 0.9. Ile ya kwanza ikiwa imebaki nusu, itahitaji muda wa saa 6 hadi 8 kujaa. Ni usiku mmoja tu. Hakuna haja ya haraka, na haraka ndiyo inayoua.

CHAJA ZA AINA NNE

1. Chaja kubwa ya gari. Hutoa ampea 6, 10 au zaidi. Kwa betri ya pikipiki, iacheni.

2. Chaja ndogo isiyojizima. Ni rahisi na inachaji pole pole, lakini haijui betri imejaa. Inafaa iwapo mtu yupo, anatazama na kuichomoa. Ukiisahau siku kadhaa, itakausha maji. Na sisi sote tunasahau.

3. Chaja ya kutunza, inayojidhibiti yenyewe. Hii hupandisha betri mpaka karibu volti 14.4, kisha inaona imejaa na kushuka yenyewe mpaka kama 13.5 hadi 13.8. Hapo inaishikilia tu, bila kuipika. Inaweza kuachwa imeunganishwa wiki nzima. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa vikundi, yenye ampea 1 au pungufu. Kwa betri ya Ah 2.5 tafuteni ya nusu ampea au chini yake.

4. Sola. Tutaieleza hapo chini, maana nyumba nyingi zetu hazina stima.

Hadharini na maandishi ya kwenye boksi. Neno "automatiki" linaandikwa hata kwenye chaja ambayo taa hubadilika rangi lakini umeme haupungui. Njia ya kuikamata ni ile ile mita. Taa ikishaonyesha betri imejaa, subirini saa moja au mbili, mpime kwenye vichwa vya betri chaja ikiwa bado imewashwa. Ikisoma karibu 13.6, ni ya kweli. Ikibaki juu ya 14.5, hiyo si chaja ya kutunza. Rudisheni dukani na risiti yenu.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Nendeni watu wawili, mmoja awe na karatasi ya mambo matatu ya betri. Muulizeni muuzaji bila aibu:

– Ni ya volti 12? Kama ina swichi ya 6 na 12, je, mtoto anaweza kuigeuza bila kujua?
– Inatoa ampea ngapi?
– Betri ikijaa, inashuka mpaka volti ngapi?
– Inafaa aina ya betri yetu? Ile ya betri za risasi msiiweke kwenye lithiamu, hasa ikiwa ina hatua ya kufufua betri zilizolala.
– Tukikosea, tukageuza nyekundu na nyeusi, inajilinda? Ina fyuzi?
– Stima ikikatika usiku na kurudi, inaanza tena yenyewe au lazima mtu abonyeze? Kwetu huku swali hili si la mchezo.
– Betri iliyokwisha kabisa, inaitambua? Chaja nyingine zikikuta betri imelala sana hukataa kuanza, na mtu hudhani chaja ni mbovu.

Kisha ijaribuni pale pale dukani. Tazameni unene wa waya na uimara wa plagi. Ya bei ya chini kabisa yenye waya kama uzi ni hatari kwa nyumba ya makuti.

KAMA HAKUNA STIMA

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990, watu wakibeba betri za gari mpaka mjini zichajiwe ili kijiji kitazame televisheni ya picha nyeusi na nyeupe. Leo jua linafanya kazi hiyo nyumbani. Paneli ya wati 10 hutoa kama nusu ampea jua likiwa kali, na ya wati 20 hutoa ampea 1 na kidogo. Kwa betri ya pikipiki hiyo inatosha kabisa.

Lakini msiunganishe paneli moja kwa moja na betri. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kufika volti 20 na zaidi jua likiwaka, na hiyo ni ile ile shibe ya kuua. Lazima katikati pawe na kontrola, na iwekwe kulingana na aina ya betri. Unganisheni betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli. Mkimaliza, ondoeni paneli kwanza. Paneli ikae juani, betri kivulini.

Na wale wenye mtambo mkubwa wa nyumbani: msitumie paneli ya wati 100 kuchajia betri ya pikipiki. Hiyo inatoa ampea 5 na zaidi. Ni chaja ya gari kwa jina jingine.

KUCHAJI KWA USALAMA

1. Toeni betri kwenye pikipiki. Anzeni na waya wa hasi (–), kisha chanya (+). Wakati wa kurudisha, chanya kwanza.

2. Iwekeni mahali penye hewa, barazani au chini ya kipaa, mbali na watoto. Betri ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo pasiwe na sigara, jiko wala kibatari. Usimulike ndani ya betri kwa kiberiti.

3. Ikiwa ni ya maji, fungueni vifuniko, mtazame mistari, na hakikisheni mpira wa kutolea mvuke haujaziba. Sahani zikiwa wazi, ongezeni maji kidogo mpaka zifunikwe. Baada ya kuchaji jazeni mpaka mstari wa juu. Tumieni maji yaliyokenekwa, yale ya chupa ya kuongezea betri. Tindikali huwekwa mara moja tu betri ikiwa mpya, kwa hiyo someni chupa vizuri. Maji ya kisima yana chumvi, na ya Sabaki yana udongo. Yote mawili huharibu sahani. Betri iliyozibwa msiifungue kamwe.

4. Chaja ikiwa imezimwa, shikisheni nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Ndipo muiwashe. Wakati wa kutoa, zimeni kwanza.

5. Baada ya saa moja ishikeni ubavuni. Vuguvugu si neno. Ikiwa moto, zimeni, iacheni ipoe, mumwulize fundi.

6. Tindikali ikimwagika kwenye ngozi, oshani kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, oshani kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Pikipiki inayokaa ichajiwe walau mara moja kila mwezi. Wakati wa joto, kila wiki tatu ni bora zaidi.

CHAJA MOJA, PIKIPIKI NYINGI

Hapa ndipo umoja unapoleta faida. Kwa kuwa kila pikipiki inahitaji usiku mmoja kwa mwezi, chaja moja inaweza kuhudumia kijiji kizima. Bei hubadilika, lakini tuchukue mfano tu. Tuseme chaja nzuri ni shilingi 3,000 na betri mpya ni shilingi 2,000. Watu 10 wakichanga, kila mmoja anatoa 300. Kama chaja itaokoa betri mbili tu kati ya kumi mwaka huo, kikundi kimeokoa 4,000. Gharama imerudi na chenji juu. Stima yenyewe ni kidogo: chaja ya ampea 1 haitumii zaidi ya taa moja ya wati 20 hivi.

Sisi tumeweka utaratibu huu. Chaja inakaa kwa mtu mmoja mwenye stima, anayelipwa kitu kidogo kwa kila betri. Kuna daftari lenye tarehe, jina, volti kabla na volti baada. Betri ambayo kila mara inajaa jioni na asubuhi iliyofuata imeshuka chini ya 12.4 inajulikana mapema kwamba imechoka. Hivyo hatungojei usiku wa dharura utuambie.

BETRI IKIFA KABISA

Msiitupe shimoni, msiipasue, wala msiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vizito vya nyavu. Risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi. Sisi wa Pwani tuna somo chungu la Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilianza kazi karibu na makazi ya watu mwaka 2007. Wakazi, pamoja na watoto, walikutwa na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, aliongoza mapambano yao, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea miaka mingine katika mahakama za juu.

Kwa hiyo betri inayodumu miaka mitatu badala ya mmoja inaokoa pesa, na pia inapunguza sumu inayozunguka. Ile iliyokufa irudisheni nzima, bila kumwaga maji yake, kwa muuza betri anayepokea kuukuu. Wengi hupunguza bei ya mpya mkiwapa ya zamani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni pikipiki ngapi hukaa zaidi ya wiki mbili bila kutumika? Ni lini zilipimwa betri mara ya mwisho?
2. Mwaka uliopita sisi wanachama tulinunua betri ngapi kwa jumla? Ziligharimu kiasi gani?
3. Nani ana stima au sola, na ni mwaminifu wa kutunza chaja na daftari?
4. Usiku wa leo mgonjwa akipatikana, pikipiki gani itawaka mara moja na taa ionyeshe njia?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo. Tokeni nje, mbonyeze starta.

Kikundi chenye ujuzi wake katika jambo hili kituandikie, tuuweke katika toleo lijalo ili wengine wafaidike.